Ufito Niliouvunja Mbele ya Shangazi

Ardhi ilitikisika alasiri, tukiwa uani kwa shangazi yangu, Kariakoo. Vikombe viligongana, nyumba ya miti na udongo ikatoa vumbi, kisha kimya. Shangazi, aliyenilea tangu utotoni, akatandika mkeka barabarani akakaa, ukili wake wa kusukia mikeka mkononi.

"Mimi siingii," alisema. "Fahali anayebeba dunia akihamisha pembe, hatulii kwa mara moja."

Majirani wakaitikia. Mimi nikacheka. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwalimu alitueleza habari za ardhi, na tangu hapo nikajiona mwanachuoni. Nikaokota ufito uliobaki tulipojenga jiko, nikaupinda mbele ya watu.

"Shangazi, hakuna fahali. Huko chini miamba ina nyufa. Vipande vinasukumana, lakini vimeng'ang'aniana, haviachiani. Vinapinda hivi, miaka na miaka. Siku vikishindwa..." Ufito ukalia ta. "Ndiyo tetemeko. Sasa umeshavunjika, nguvu imekwisha. Ingia zako ndani."

"Na hayo mawe yako, umeyauliza kama yametosheka?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaona haya, nikazidi kushikilia. "Au unamwogopa ng'ombe, shangazi?"

Akanitazama. Akakunja mkeka, akaingia kubandika chai.

Mwalimu alikuwa amesema pia kwamba miamba ikishateleza huendelea kujipanga, na mitikisiko mingine hufuata. Hapo mimi nilikuwa nikitazama dirishani, naota nimekuwa mwalimu.

Maji hayajachemka, ardhi ikatikisika tena, kidogo tu. Ukuta uliokwisha kulegea ukamwangukia shangazi mkono wa kulia. Mganga wa viungo akaufunga kwa vijiti vya mwanzi, lakini vidole havikukunjika tena sawasawa. Na mikeka yake ilikuwa ikisifiwa mtaa mzima.

Majirani walipouliza, alijibu, "Nilifuata birika langu. Huyu kijana alinikataza."

Alisema hivyo nikiwa nimesimama pale pale. Nikainamisha kichwa kama mwenye huzuni. Nilipoukandika ukuta ule upya, watu wakanisifu kwa kumjali shangazi yangu, nami nikaitikia. Yeye alikuwa amekaa mkekani, anajaribu kusuka kwa kushoto, ukili ukienda upande.

"Mwalimu," aliniita kwa upole tu, "niletee maji."

Nikampelekea. Hakunidai ukweli hata siku moja, mpaka tukamzika.

Sikumkataza. Mimi ndiye niliyemwambia aingie.