Bibi Alicheka Kwenye Video

Filamu za kutisha nazipenda mpaka leo, na mume wangu haishi kuniuliza nafuata nini humo. Namwambia kwenye filamu angalau unaonyeshwa anayetisha.

Nililelewa Usoke na bibi mzaa mama. Alikuwa akichochea moto kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, na moshi ulimharibu macho; yalikuwa mekundu mwaka mzima. Jumapili moja mchana, tulipotoka kanisani, alinipeleka kwenye banda la video. Filamu ilikuwa ya Wazungu: kitu kutoka sayari nyingine kinamwingia mtu, sura inabaki ileile ila macho yanageuka mekundu. Mtafsiri, kijana mmoja wa makelele na kipaza sauti chake, hakuhangaika kutueleza mambo ya sayari. "Huyo ni mchawi, jamani," akasema. "Si mnamwona macho?"

Niliogopa nikajifunika kanga ya bibi, jicho moja nikaliacha nje. Nilikuwa nimeshanasa. Bibi yeye alicheka. Kila mtu alipokufa alicheka, maana aliona wazi kuwa ile damu ni rangi tu, na watu wakageuka kumtazama.

Basi ikawa balaa. Watoto wakaacha kumwamkia. Mtoto wa jirani akapata degedege, na mama yake, ambaye bibi ndiye aliyemzalisha, akasema waziwazi kisimani kwamba macho ya namna ile hata kwenye video tuliyaona. Upuuzi mtupu. Lakini kwetu upuuzi huo unaua bibi za watu, na hakuna asiyejua. Mama yangu hakusubiri panga. Alimpandisha bibi treni ya Tabora mjini na godoro lake, mahindi yakabaki shambani.

Mjini alikaa chumba cha uani kwa mjomba. Huko hakukuwa na moshi wa tumbaku, na taratibu macho yakapona, yakawa meupe kabisa. "Sasa naweza kurudi nyumbani kwangu," aliniambia kila nilipokwenda kumwona. "Waambieni waje wayaangalie."

Mama aliwaambia. Wakamjibu kwamba mchawi hashindwi kubadilisha macho.

Bibi alifia kwenye chumba kile. Kutoka Usoke walikuja wengi kuzika, na yule mama wa kisimani alilia kuliko sisi wote. Mimi ndiye niliyempakulia wali, akaomba aongezewe nyama, nikamwongezea.