Kikombe cha wageni na kucha zangu

Leo nimepewa chai kwa kikombe cha wageni.

Kwetu. Laare. Nyumba niliyozaliwa.

Ngojeni niwaambie.

Jana hosteli nilibandika zile kucha ndefu za rangi ya maziwa ambazo kila msichana chuoni anazo. Saluni siwezi, kwa hivyo roommate wangu alizibandika na gundi ya viatu. Wueh, zilinikaa!

Leo nimefika nyumbani nikapata Mami na dada yangu Kinya wameketi chini, miraa katikati, wanafunga vifurushi vya kuuza kwa kamba za mgomba.

Hiyo kazi nimeichukia tangu utoto. Nilisoma kwa bidii ndio niikimbie.

Nikaketi pale pangu, karibu na mlango. Nikashika kamba, ikaniponyoka. Nikajaribu tena, ikaponyoka tena.

Mami akaangalia vidole vyangu. Aki hangekosa kunigombeza, nilikuwa nimejitayarisha.

Hakunigombeza.

"Wacha tu, Kendi. Kaa kwa kiti, zisije zikavunjika."

Halafu akafungua kabati akatoa kile kikombe cha maua. Na kisahani chake!

Sasa niko kwa sofa kama mke wa mchungaji. Wao wanafunga, wanacheka mambo ya jirani ambayo siyajui.

Nimeloweka vidole kwa maji moto mpaka vimekunjamana. Kucha zimetoka mbili tu.

Nani anajua kitu kinachotoa gundi ya viatu? Niambieni haraka.

Kinya ameshasogea pale pangu.