Pushirodi za Ombati

Fundi Gesare wa Kiptere hasamehi, na asikudanganye mtu kwamba anajaribu. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Zamani alikuwa na kibanda kimoja na Ombati, wakitengeneza pikipiki za bodaboda. Siku Gesare alipoenda matangani kwao Kisii, Ombati alifunga injini ya mteja wao Kipkosgei na kuweka pushirodi, vile vijiti viwili vya chuma vinavyosukuma valvu, zikiwa sambamba. Injini za aina ile zinataka zipishane kama mkasi. Pikipiki ikakataa kuwaka. Ombati, bila haya, akasema huo ni mkono wa Gesare. Waendeshaji wakaamini upesi. Si ni mwanamke? Wakamfukuza kwenye steji ya bodaboda. Akahamia kibaraza cha mashine ya kusaga posho, wateja wakimpita kama hawamjui.

Juzi Ombati akafungua injini yake mwenyewe, na hakuwa amejifunza kitu. Ikamshinda. Akaisukuma mpaka kwa Gesare, gunia la majani chai bado limefungwa nyuma na lori la kiwanda liko njiani kuja kuyachukua kwenye kituo cha chai. Waendeshaji wakamfuata kuona kituko, Kipkosgei akiwemo. Ombati akamwita Gesare dada yangu, akamsihi amwokoe. Moyo wa Gesare ulicheka, uso haukucheka.

Akafungua kifuniko cha juu, akazitoa pushirodi, akazipishanisha watu wote wakitazama, akafunga. Kiki moja tu, injini ikanguruma.

"Sasa waambie," akasema, "ile ya Kipkosgei ilifungwa na nani."

Ombati akatazama gamubuti zake. Akanung'unika kwamba hayo ni ya kale, yaachwe, lori linakuja. Mtu mzima mzima, hata pole ilimshinda!

Gesare akazima injini. Akaifungua tena ikiwa moto vile vile, vidole vikimuungua, na utamu aliousikia hajawahi kuusikia hata kanisani. Akazirudisha pushirodi sambamba, akakaza nati zote sawasawa, akapangusa mafuta kwa kitambaa safi.

"Iko vile ulivyoileta," akamwambia. "Nenda."

Ombati akageukia wenzake wamsaidie kusukuma. Kipkosgei ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mikono kifuani, na wengine wakakunja yao. Lori lilimpita katikati ya mlima, peke yake, majani yakianza kunyauka mgongoni mwa pikipiki.