Besi la Mjapani Nyuma ya Pazia

Siku aliyoolewa dada yangu Salma, kule mtaa wa Hail, Maskati, nnaikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiisimulia moyo hunienda mbio. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mpiga kinanda wa bendi yetu ya harusi, kijana wa Kizanzibari wa Maskati, na majivuno yamenijaa mpaka masikioni.

Wiki moja kabla, mpiga besi wetu akaugua. Ami Seif, mdogo wake baba na mpiga ngoma wetu, akatuletea Kenji, Mjapani aliyekuwa akipiga muziki hotelini. Rumba alifunzwa na Mkongo mmoja kwao Osaka, akaja nayo mpaka huku. Tulipofanya mazoezi kwenye gereji ya ami, mtaa wa Ghala, mafundi waliacha spana zao wakacheza. Wallahi, alikuwa anajua! Wivu ukanikaba. Mjapani atufunze sisi rumba?

Basi nikapanga kumwaibisha. Unajua harusi zetu: wanawake wanacheza upande wao pamoja na mwimbaji wao, sisi wanaume tunapiga nyuma ya pazia, hatuoni kitu. Bibi harusi alipoingia, nikabonyeza kitufe cha kinanda, nikapandisha sauti, si kelele bali ile tunayoanzia wimbo, bila ya kumwambia mtu. Nilitaka Kenji apotee.

Kumbe aliyepotea ni shangazi Zuwena, mwimbaji wetu. Sauti ilimshinda, ikamkatika. Vigelegele vikazima, miguu ikatulia. Nikajua Salma wangu kasimama katikati ya ukumbi bila ya muziki! Nikaacha kupiga, nikakitafuta kile kitufe, sikukiona.

Kenji hakunitazama. Akapiga besi peke yake, taratibu, kwa sauti ile ile ya mazoezi. Ami akamfuata na ngoma. Mara tukasikia mguu mmoja, kisha kumi, kisha ukumbi mzima! Shangazi akaidaka nyimbo, vigelegele vikarudi kwa kishindo. Lo! Nilikuwa nacheka huku nalia.

Bibi harusi akatuma mtu nyuma ya pazia: "Huyo wa besi asiache!"

Tulipomaliza, ami akanivuta pembeni.

"Umemtegea mgeni, ukamnasa dada yako. Nenda kamwombe radhi."

Nikaenda, uso chini. Kenji akanishika mkono, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwamba kesho tuna mazoezi, nisichelewe. Basi! Tukapiga pamoja mpaka aliporudi kwao, na sijapata raha ya muziki kama ile.

Mwanangu, nnakuona na kompyuta yako, unatengeneza muziki chumbani. Ukisikia mgeni kaupiga wetu, unabetua mdomo. Usibetue. Mtu aliyeupenda muziki wako akaubeba kutoka mbali hivyo ni jamaa yako. Mpe kiti, na mwambie kweli mnaanzia sauti gani. Ukimkosea, mwombe radhi siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Mungu akupe masikio ya kusikiliza, akutoe kijicho moyoni, na siku ya harusi yako akuletee mpiga besi kama yule. Amin.