Nilijua Hakuiba, Nikanyamaza

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma mwaka wa tano wa sekondari hapa Kisangani. Tulikimbia vita Kivu ya Kaskazini, mama, mimi na mdogo wangu.

Tulipofika, vijana wa mtaa waliiga Swahili yangu na kunicheka. "Mutu ya vita," ndivyo walivyoniita. Likizo nzima nikajifunza Lingala, lugha ya vijana wa hapa. Shule ilipofunguliwa nikadanganya kwamba nimetoka Banalia, mji wa jirani usio mbali na hapa. Wakaniamini. Nikapata marafiki.

Kisha akaja msichana nitakayemwita Furaha. Ni wa kijiji chetu. Siku ya kukimbia, mama alikuwa na homa, na Furaha ndiye aliyembeba mdogo wangu mgongoni tangu asubuhi mpaka jua likazama. Aliponiona darasani alinirukia, akanisalimu kwa lugha yetu. Nikamjibu kwa Lingala kwamba amekosea mtu. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, alinivuta nyuma ya ukuta wa shule.

"Nilikukosea nini?"

"Hapana, haukunikosea. Lakini hapa usiniite, tafazali. Batanijua."

Alilia sana. Nikabaki naye mpaka kengele ikalia, halafu nikamtanguliza ili tusionekane pamoja.

Tulikuta fujo darasani. Mwalimu wa Kifaransa aliacha simu yake mezani, sasa haipo. Kijana mmoja akapaza sauti: "Ni ule mutu ya vita! Ye hakukuwa na sisi inje!" Mimi hakuna aliyekumbuka kwamba nami sikuwepo.

Prefe, mkuu wetu wa shule, akaja.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Na nani?"

Furaha akaniangalia. Nikafungua daftari, nikajifanya natafuta ukurasa. Alingoja, jamani. Alinipa muda. Kisha akasema, "Nilikuwa mimi moja."

"Kuna mutu alimuona?" prefe akatuuliza sote.

Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake. Nikageuza ukurasa mwingine. Alifukuzwa siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilikutana naye sokoni, anauza pondu, majani ya muhogo, kwenye beseni. Nilitamani anitukane. Aliniuliza tu kama mitihani imeanza. Nikamwomba radhi, nikasema nitamweleza prefe ukweli. Akafunga fungu la pondu la mteja, akasema bila kuniangalia: "Prefe utaenda kumuona ukitaka. Mimi, mama yangu haongee na mimi tangu siku ile. Anasema alizaa mwizi."

Nikisema, huenda nami nitafukuzwa, na mama yangu hana furaha nyingine isipokuwa shule yangu. Marafiki wote watajua nilidanganya. Lakini kila siku ninayonyamaza, kuna mama anayemchukia mtoto wake kwa sababu yangu.

Nitukaneni, nastahili. Ila mkimaliza, mniambie: nianze kwa prefe, ama niende kupiga magoti mbele ya mama yake?