Swichi ya Vidole vya Baba

Mwanangu, kabla hujachomelea hiyo swichi, kaa kidogo. Nakumbuka asubuhi moja, baridi ya Sumbawanga ikiuma masikio, nilipokuwa msichana ninayejifunza ufundi redio pale Katandala.

Baba yangu, mkulima wa ulezi, alikuwa amepoteza usikivu kidogo kidogo, na aibu ikamzoeza kuitikia "ndiyo" kwa kila alichoambiwa. Daktari alimweleza kuwa dawa ya presha ni kidonge kimoja kwa siku. Akaitikia. Nyumbani akameza asubuhi, mchana na jioni, mpaka akaanguka shambani. Tulimwokota akiwa hai, Mungu ashukuriwe, lakini mama hakuwa na amani tena, na siku ya kurudi kliniki ilikuwa inakaribia.

Nikamtengenezea kifaa cha kusikilizia, kisanduku cha kutia mfukoni chenye waya wa kwenda sikioni. Ikabaki swichi ya nafasi tatu: kuzima, sauti ya chini, sauti ya juu. Nilikuwa nayo moja ya kusukuma, nyembamba, inapendeza kweli. Mchagua jembe si mkulima, nikajisemea, hii inatosha.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akipepeta ulezi pembeni yangu.

"Mwenyewe ameishika?" akauliza.

"Bado, shangazi. Nataka iwe zawadi."

"Sasa utajuaje kama vidole vyake vitaiweza? Mwite."

Baba akaja. Jembe, mwanangu, lilikuwa limevifanya vidole vyake vinene na vigumu kama magome. Akaisukuma swichi, ikaruka nafasi ya kati ikafika mwisho. Akarudia, vilevile. Ingekuwa imeshaungwa, sauti ingemtoboa sikio, na kifaa asingekigusa tena.

Nikafungua redio mbovu, nikatoa swichi ya kuzungusha. Haikuwa nzuri kutazama, tena ilibidi nitafute kisanduku kikubwa zaidi. Lakini ilikuwa inagota chini ya kidole kila ifikapo nafasi yake. Baba akaizungusha amefumba macho, akatabasamu.

"Hii naielewa," akasema.

Kliniki tulikwenda naye, mama na mimi. Daktari akaeleza. Baba akazungusha hadi nafasi ya kati, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Samahani, daktari. Hicho kimoja nimeze kabla ya kula au baada?"

Mama akashusha pumzi ndefu. Mimi nikatoka nje, nikalia kwa raha, watu wakidhani nimefiwa.

Basi, mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jua nafasi unazozihitaji, usiongeze za kujionyesha. Hakikisha swichi inauweza umeme utakaopita ndani yake. Halafu mpe atakayeitumia aishike kwanza, umtazame vidole, umsikilize. Kuuliza si ujinga. Shangazi aliuliza neno moja tu, na baba akaishi kuwaona wajukuu.

Mungu autulize mkono wako, na kila utakachokiunga kimwondolee mtu hofu.