Njia ya Juu ya Plafond

Harufu ya triplex mupya, ile ya gundi na mbao yenye haijakauka muzuri, inanifunga kifua. Bengine banaipenda, banasema ni harufu ya nyumba mupya. Siku hizi za nyuma mutoto wangu mwanaume aliniita kule Vulamba nione maduka anajenga pale, milango ine kwa mustari moja. Kuingia tu mulango ya kwanza, fundi alikuwa anapigilia triplex juu, na ile harufu ikanishukia mu pua. Nikatoka inje, nikakaa ku lundo ya matofali. Mutoto akaniuliza kama niko mugonjwa. Sikuwa mugonjwa. Nilikuwa na kasirani, na ile kasirani imezeeka pamoja na mimi.

Nyinyi benye munasoma, nitawaambia bile sikumwambia mama yangu.

Nilikuwa na miaka kumi, wakati wa vita. Hapa Butembo askari ba uniform moja balikuwa banatoka, ba uniform ingine banaingia, na bote balikuwa banauliza swali moja: chakula iko wapi. Sisi tulikuwa ba locataires, bapangaji, mu nyumba ya mutu mwenye tulimuita tu Patron. Milango sita zenye kushikana, chini ya manjanja moja, ile mabati nyekundu yenye alikuwa anajisifu nayo ata ku mulango ya kanisa. Ku mulango ya kwanza balikuwa banauzisha petroli mu machupa. Ya pili ilikuwa yetu. Mama alikuwa anakaanga mandazi inje, na babula yake, jiko ya makala. Ya tatu na ya ine, depo ya Patron, kufuli sawa kichwa ya mutoto. Ku ya tano kulikuwa Baba Kahindo, fundi wa kushona, na bibi yake. Ya sita ilikuwa ya kinyozi.

Sababu ya bale askari, kila mutu alikuwa anaficha bitu juu ya plafond, ile dari ya triplex. Mu kona ya chumba balikata tundu, balilifunika na kipande ya triplex, na mutoto mwepesi ndiye alikuwa anapandishwa. Kwetu mutoto mwepesi ilikuwa mimi. Mama alikuwa ananisimamisha ku mabega yake, ananipitishia maharagi, sukari, na vitenge vyake vya ndoa.

“Masika, tembea ku mbao, hapana ku triplex, utatuangukia mu supu,” alikuwa ananiambia. “Na hii fasi hapana kuitaja kwa mutu. Ata padri hana haja ya kuijua.”

Kule juu kulikuwa joto ya kuivisha ndizi. Manjanja ilikuwa inalia tak, tak, wakati jua inaipiga, na ku matundu ya misumari mwangaza ilikuwa inaingia myembamba kama nyuzi. Na ndiko niliona kitu chenye hakuna mukubwa alikuwa anaona. Hakukuwa ukuta. Ukuta ya kati ya nyumba na nyumba ilikuwa inapanda mpaka ku plafond, basi, inakwisha. Patron aliiba matofali pale penye locataire hatainua macho. Chini tulikuwa nyumba sita, kila mutu na mulango yake na matusi yake. Juu tulikuwa nyumba moja, ndefu, giza, ya mbao za kukauka, tangu ku petroli mpaka kwa kinyozi.

Mutoto akiona njia, atafanya nini? Nilitambaa. Nilipita juu ya depo ya Patron, nikafika juu ya Baba Kahindo, na pale bibi yake alikuwa ameficha mufuko ya karanga. Siku ya kwanza nilikula kiganja moja. Kisha sikuhesabu tena. Nilikuwa napanda eti naenda kuangalia kama panya haikule maharagi yetu, na mama alikuwa anasifu bidii yangu.

Mama Kahindo hakuwa mujinga. Alikuja ku mulango yetu akasema mufuko inapungua na mulango wake haujavunjwa, kwa hiyo ni mukono ya muchawi, na nyumba yenye kunuka mafuta kila asubui ndiyo iko na njaa ya karanga. Mama aliapa mbele ya picha ya Bikira Maria. Balitukanana mpaka kinyozi akaacha kichwa ya mutu nusu. Mimi nilikuwa nasimama pale pembeni, ulimi yangu inatafuta kipande ya karanga mu meno.

Juma haikupita, moto ikawaka. Ilikuwa saa nane ya muchana, siku ya soko. Ilianza ku petroli, bote baliona. Batu balikimbia na mabeseni ku muto Kimemi, balimwanga maji ku ule mulango, mbele, chini, pale tu penye macho inaona. Mama alinitupa inje, akarudi kuchukua godoro. Kisha mwalimu moja mwenye serikali ilimutuma huku kutoka Kasaï akapanda ku manjanja ya depo na chuma ya kung’olea misumari. Alisema tufungue manjanja hapa, moshi itoke, moto ikose fasi ya kupita.

Patron akashika ngazi kwa chini.

“Mwalimu, shuka. Iyo manjanja ulinunua wewe? Nikifungua depo yangu mbele ya hii batu yote, nani atabakisha kitu? Rudia ku ubao yako ya chaki.”

Batu bengine balicheka, katikati ya moto, balicheka. Mwalimu alishuka. Vita ilikuwa imetufundisha kuogopa mwizi kupita kitu yote; ata mulango ya nyuma ya kila nyumba Patron alikuwa ameiziba na matofali kwa kuogopa askari. Kwa kuziba mulango, matofali ilipatikana.

Tungali tunaangalia depo, yenye ilikuwa nzima, kufuli baridi, moto ikatoka ku plafond ya Baba Kahindo. Iliangukia mu bitambaa. Alikuwa na njia moja tu ya kutokea, na alikuwa anabeba mashini yake. Alitoka, mashini ikabaki, na mikono yake haikushika tena sindano.

Kesho yake balituita kwa chef de quartier, mukubwa wa mutaa. Mama alikuwa amenishika mukono, na kiganja chake kilikuwa kingali na harufu ya mafuta ya mandazi. Patron aliongea pole, kama mutu wa huruma.

“Moto ya kawaida inatembea, inapita mulango kwa mulango,” akasema. “Hii iliruka. Iliacha depo mbili, ikaenda kwa mwenye balikosana naye. Mimi sitaji mutu.”

Hakukuwa haja ya kutaja. Bote baligeuka.

Mama alisema, “Mimi sikutuma kitu. Sijui namna ilipita.”

Mimi nilijua. Nilijua kila mbao yake. Moto ilipita njia yangu. Ingetosha kusema: pandeni, angalieni, juu hakuna ukuta. Lakini bangeniuliza nilijua namna gani, na karanga ingetoka. Niliona fimbo. Sikuona mama yangu. Nikanyamaza.

Tulihamia Mangina, mu shamba ya kaka ya mama, na jina ile ilifika mbele yetu. Nani atanunua mandazi ya mwanamuke mwenye kutuma moto? Alilima mpaka alikufa, na babula ilibaki nyuma ya nyumba, kuku zinalalia mule. Patron alijenga tena milango sita, kwa namna ileile. Hakuna mutu alimuuliza.

Mimi shule niliacha ku ya tatu primaire. Bile ninajua juu ya ujenzi, nilijifunza Bungulu, kule Beni, nikiwa nimeolewa, nikibeba muchanga kwa fundi. Niliona anapandisha ukuta kupita plafond, mpaka kugusa manjanja. Nikamuuliza ni ya nini kuharibu matofali pale juu. Akajibu bila kugeuka: “Moto ya jirani isikuje kukutembelea.” Niliweka beseni chini. Mutu mwenye hakutujua alikuwa amemaliza kesi ya mama yangu kwa neno moja, na mama alikuwa mu udongo tayari.

Nilizaa mapema na binti yangu alizaa mapema, ndiyo maana bananiita mukaka, nyanya, na ningali na nguvu ya kupanda ngazi. Kule Vulamba nilikaza kitenge, nikapanda. Nikapitisha mukono juu ya ukuta ya kati. Mukono yote iliingia, mpaka ku bega, ikatoka kwa jirani.

Mutoto wangu alikuwa anasimama chini.

“Mama, shuka. Kule juu nani ataona?”

Nikamwambia, “Mimi nilishaona.”

Fundi aling’oa triplex yake. Nilikaa ku yale matofali siku tatu, chakula bananiletea pale, mpaka tofali ya mwisho ikagusa manjanja.